Tuujue Udongo Kabla ya Mashine

Kila mwaka, mwezi wa Oktoba ukifika, mambo mawili huufikia Mkoa wa Mtwara kwa pamoja. La kwanza ni fedha za korosho, kwani minada huanza, na mkulima aliyekuwa akihesabu senti tangu masika hupata kitu cha kutia mfukoni. La pili ni dalili za mvua. Upepo wa kusi hulegea, joto huzidi, na wazee huanza kuitazama mbingu. Na wa tatu, ambaye hakualikwa lakini hakosi kufika, ni mwuza mashine.

Hatumlaumu mwuza mashine. Kazi yake ni kuuza, na nchi hii haiwezi kulima kwa jembe la mkono milele. Tunachotaka kunena leo ni juu ya mnunuzi, yaani chama cha ushirika, kikundi cha vijana, au mkulima mwenye ekari nyingi, ambaye ana fedha mkononi kwa muda wa miezi mitatu tu katika mwaka, na ambaye akikosea katika miezi hiyo mitatu hatapata ya kusahihishia kosa lake mpaka korosho zichanue tena. Huyo ndiye tunayemwogopea.

Mashine inayosifiwa sana siku hizi ni ile ya kupanda kwa nguvu ya hewa. Yatupasa kwanza kuieleza, maana tumegundua ya kwamba watu wengi wanaoitaka hawajaambiwa ni kitu gani. Kuna tangi kubwa la mbegu. Chini ya tangi kuna rola yenye meno, izungukayo polepole na kutoa mbegu kwa kipimo. Kuna feni yenye nguvu inayopuliza hewa katika bomba; mbegu zikidondoka humo huchukuliwa na upepo mpaka kwenye kigawanyo, na hapo hutawanywa katika mipira mingi myembamba, kila mpira ukishuka mpaka kwenye kisu kimoja kinachopasua ardhi. Nyuma ya visu hufuata magurudumu ya kushindilia udongo. Asili yake ni Queensland, katika Australia, ambako mkulima mmoja, Albert Fuss, alibuni namna hiyo katika miaka ya 1950. Baadaye ikaenea sana katika nyanda za ngano za Kanada. Huko shamba moja ni pana kuliko kata zetu nyingine, halina mti hata mmoja, na msimu wa kupanda ni mfupi mno, kwa hiyo mtu mmoja na trekta lake hupanda mamia ya ekari kwa siku.

Lakini iko mashine nyingine, nayo pia huitwa ya hewa, na hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Hiyo haipulizi mbegu, bali huifyonza. Ina sahani iliyosimama wima, yenye matundu. Hewa hufyonzwa upande mmoja, kila tundu likashika mbegu moja, na mbegu ikifika chini mfyonzo hukatwa ikaanguka peke yake, kwa nafasi iliyopimwa. Ile ya kwanza humwaga mbegu katika mfereji kama mtu amwagaye maji; hii ya pili huhesabu. Ngano na mpunga havidai kuhesabiwa. Mahindi, karanga na alizeti hudai. Mtu akinunua ya kumwaga kwa ajili ya karanga, atakuwa amelipa fedha nyingi ili kupata safu zilizosongamana hapa na kupwaya pale.

Na karanga ina shida yake nyingine. Ngozi yake ni nyembamba, na punje yake ni vipande viwili vilivyoshikana kwa udhaifu. Ikipulizwa kwa kasi ndani ya bomba na kugonga kigawanyo, hupasuka, nayo iliyopasuka haioti. Ufuta, kwa upande mwingine, ni mdogo mno: kilo moja ina mbegu zaidi ya 300,000, hali kilo moja ya karanga kwa kawaida haifiki mbegu 3,000. Hewa inayotosha kuinua karanga itaurusha ufuta nje ya mfereji, na rola inayoufaa ufuta itaisaga karanga. Basi mtu akisema mashine yake inapanda kila kitu, aulizwe ana rola ngapi, za namna gani, na feni yake yaweza kupunguzwa kasi kwa kiasi gani. Akikosa jibu, na arudi siku nyingine.

Hayo si mapya katika sehemu hii ya nchi. Hapana mahali katika Afrika Mashariki palipopewa somo la mashine kwa gharama kubwa kuliko kusini yetu. Mwezi wa Machi 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alipeleka shauri kwa Serikali ya Uingereza ya kwamba karanga zilimwe Tanganyika kwa matrekta, ili kuondoa upungufu wa mafuta uliofuata vita. Ukatumwa ujumbe wa John Wakefield, ukaitazama nchi kwa wiki chache tu, ukarudi na mpango wa ekari zaidi ya 3,000,000. Zaidi ya nusu ya mashamba hayo yalikusudiwa kuwa katika Jimbo la Kusini, upande wa Nachingwea. Kwa kuwa kusini hapakuwa na reli wala bandari ya maji marefu, kazi ilianza Kongwa. Mwaka wa kwanza zilitakiwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000.

Kwa nini? Matrekta yalinunuliwa kutoka katika masalio ya vita, mengine yakitoka Ufilipino, yakiwa yamechakaa, na sehemu kubwa yakafa katika miezi ya mwanzo. Vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Udongo wa Kongwa una mchanga mkali, ukayala majembe. Wakati wa kiangazi uligeuka kuwa mgumu kama tofali, karanga zikabaki chini, hazing'oleki. Wagogo wenyeji wa pale walijua vema jinsi mvua ya nchi yao ilivyo ya kubahatisha, lakini mpango ulikuwa umekwisha kuandikwa. Mwezi wa Januari 1951 Uingereza ilitangaza kuuacha mpango huo na kufuta hasara ya pauni milioni 36 na nusu. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara kwenda Nachingwea iling'olewa katika miaka ya 1960. Kilichobaki kwetu ni bandari ya Mtwara, iliyofunguliwa mwaka 1954 kwa ajili ya karanga ambazo hazikuja, na ambayo baadaye ilipata kazi ya kupakia korosho.

Wako wanaoisimulia habari hiyo ili kumcheka Mwingereza. Sisi twaisimulia kwa sababu nyingine: wale walikuwa na wahandisi, walikuwa na fedha za dola kubwa, na bado walishindwa na udongo. Chama cha msingi cha Nanyamba au Kitaya kina nini cha kuzidi hapo, kama si kuujua udongo wenyewe?

Na udongo wetu si mmoja. Juu ya Uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, ni mchanga mwekundu, mwingi, wa kina kirefu, unaopitisha maji upesi. Ukishuka katika bonde la Ruvuma, kuanzia Kitaya kwenda Mahurunga hadi karibu na mlango wa mto, ni mfinyanzi mweusi, unaonata kama ulimbo ukiloa na kupasuka nyufa za kuingia mkono ukikauka. Katika mchanga, kisu chepesi kinatosha, lakini gurudumu linaloendesha rola huteleza, na likiteleza mbegu hupungua bila dereva kujua. Katika mfinyanzi, visu huziba matope, na magurudumu ya kushindilia huufunga mfereji kama sakafu, chipukizi likashindwa kutoka. Mashine moja haiwezi kuwekwa sawa kwa sehemu hizo mbili kwa kipimo kimoja. Tena uwandani, mikorosho imesimama katikati ya mashamba, matawi yake yakining'inia kiunoni pa mtu. Mashine yenye upana wa mita 9 itageukia wapi? Tumesikia watu wakisema mikorosho ikatwe kuipisha. Hilo tunaliona kuwa wazimu, nasi hatutalijibu.

Na mvua nayo yataka kufikiriwa. Mkoa huu una msimu mmoja, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili, na kiasi cha milimita 1,000 kwa mwaka, kidogo zaidi au kidogo pungufu. Lakini mwisho wa Januari au mwanzo wa Februari, mara nyingi mvua hukatika wiki moja au mbili. Aliyepanda mapema, mizizi yake imekwisha kwenda chini. Aliyechelewa huona mimea yake ikinyauka angali akiipalilia. Kwa hiyo siku kumi za Desemba ndizo zinazoamua chakula cha mwaka mzima, na hapo ndipo mashine njema ingekuwa baraka kweli kweli, kwa maana haraka yake ndiyo tunayoihitaji. Na hapo ndipo mashine mbovu inapokuwa msiba, kwa sababu kosa lake halionekani siku ya kupanda.

Tulisimama mwaka mmoja katika shamba la kikundi, si mbali na bonde. Mashine ya kukodi ilikuwa imepita wiki mbili nyuma. Kwa mbali shamba lilipendeza, safu zimenyooka kama kamba. Tulipokaribia tukaona katika kila upana wa mashine safu tatu hazina kitu. Si chache, bali hazina kabisa, toka mwanzo wa shamba hadi mwisho wake. Mipira mitatu ilikuwa imeziba tangu asubuhi ya kwanza, wala hapakuwa na mtu aliyeshuka kutazama. Mwenye mashine alikuwa amekwisha kulipwa na kwenda zake. Mama mmoja mtu mzima alikuwa ameinama katika safu tupu, akichimba vishimo kwa jembe na kudondosha mbegu kwa mkono, aliyoinunua mara ya pili. Tulimwamkia, tukamwuliza kama atamaliza kabla mvua haijakatika. Akatujibu, "Wanangu, mashine imenipandia shamba, na mimi napanda palipobaki." Hakuwa na hasira. Hasira ilikuwa yetu.

Basi tuyaseme makosa yenyewe waziwazi, ili mwenye shamba asiyeijua mashine aweze walau kumwuliza dereva.

Kosa la kwanza na la kawaida ni kuziba. Dereva akiteremsha visu trekta likiwa limesimama, au akirudi nyuma visu vikiwa ardhini, udongo hupanda ndani ya mdomo wa mpira. Nyuzi za magunia na vipande vya maganda hukwama katika kigawanyo. Mbegu iliyotiwa dawa ikapata unyevu hugandamana. Na mashine iliyolazwa ghalani tangu mwaka uliopita huenda imejengewa na nyigu viota vya udongo ndani ya mipira, au panya wametafuna. Dawa yake haina elimu kubwa: kabla ya kuanza, visu viinuliwe, feni iwashwe, mbegu zitolewe kidogo, na mtu apite nyuma akitega kopo chini ya kila mpira, mmoja mmoja. Kazi hiyo haizidi nusu saa. Na irudiwe kila tangi linapojazwa. Mashine za kisasa zina vihisi vya umeme vya kumwambia dereva mpira gani umeziba, lakini vumbi la kwetu huvipofusha, na tumeona madereva wakivizima kwa sababu vinapiga kelele.

Kosa la pili ni kuvuja hewa. Katika mashine nyingi tangi huwa na msukumo wa hewa ndani yake, sawa na ule wa bombani. Kifuniko kikiwa na mpira uliochakaa, hewa hutoroka juu. Ile ya chini nayo hupanda kupitia rola, ikazizuia mbegu zisishuke. Rola inazunguka, tangi limejaa, na ardhini hakuna kitu. Fundi asiyejua atafungua rola siku nzima. Na apake maji ya sabuni kuzunguka kifuniko huku feni ikizunguka, mapovu yatamwonyesha.

La tatu ni feni inayochoka. Feni huendeshwa kwa mafuta ya haidroliki ya trekta. Mchana wa Desemba mafuta hupata moto, huwa mepesi, na trekta dogo au kuukuu hushindwa kuidumisha kasi. Asubuhi mashine hupanda vizuri, alasiri mbegu hulala bombani. Watu husema mashine ina shetani. Haina, ina trekta lisilolingana nayo, na jambo hilo lilipasa kupimwa kabla ya kununua.

Kosa la nne ndilo kubwa, nalo si la mashine bali la watu: kutopima. Twaomba msomaji atuvumilie katika hesabu kidogo. Tuseme mashine ina upana wa mita 3. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Sehemu ya kumi ya ekari, kwa upana huo, ni mwendo wa mita 135. Upimwe kwa kamba mzunguko wa gurudumu linaloendesha rola. Ukiwa mita 2, basi mizunguko 67 na nusu ndiyo sehemu ya kumi ya ekari. Gurudumu liinuliwe kwa jeki, lizungushwe kwa mkono mara hizo, na mbegu zote zikingwe katika turubai na kupimwa. Anayetaka kilo 2 za ufuta kwa ekari lazima apate gramu 200. Akipata gramu 400, anatupa nusu ya mbegu yake na atalipa vibarua wa kupunguza miche. Akipata 100, atavuna magugu. Mtoto wa darasa la sita aweza kuifanya hesabu hiyo, na mizani ya duka yatosha. Lakini kama gurudumu litateleza mchangani, kama tulivyosema, kipimo cha bandani hakitatosha. Upimwe mwendo huohuo shambani pia, trekta likitembea.

Kina nacho kisisahauliwe. Ufuta hautaki kuzidi sentimita 2 au 3. Karanga na mbaazi zaweza kwenda 5. Dereva mwenye haraka huenda kwa kasi, visu huruka, na mbegu hubaki juu, chakula cha njiwa na kanga. Aliyesoma shule za misheni kama sisi ataukumbuka mfano wa mpanzi. Yule alipanda kwa mkono, na mbegu nyingine zikaanguka njiani. Wa kwetu ana feni na haidroliki, na ndege bado wanashiba.

Sasa je, mnunuzi afanyeje? Tutasema maoni yetu bila kuficha. Kwa Uwanda wa Makonde, ambako mashamba ni madogo na yamechanganyika na mikorosho, hatuoni haja ya mashine ya hewa ya namna yo yote. Mashine nyepesi ya safu mbili, yenye sahani za kawaida, inayovutwa na trekta dogo, au hata ile ya mkono ya kudunga na kuachia mbegu, yatosha, na fundi wa kijiji aweza kuichomelea ikivunjika. Kwa wakulima wakubwa wa ufuta walio katika ardhi wazi, na kwa mpunga wa bondeni kama mashamba yataunganishwa na kusawazishwa, mashine ya hewa ina hoja yake, nasi hatuipingi. Lakini iwe ndogo kuliko inavyotamaniwa, na trekta liwe kubwa kuliko linavyosemwa kuwa linatosha.

Tena swali la vipuri liulizwe kabla ya swali la bei. Katika Wilaya ya Hanang, tangu miaka ya 1970, Shirika la NAFCO lililima maelfu mengi ya ekari za ngano huko Basotu kwa msaada wa Kanada. Mashine zilifaa, kwani udongo ule mweusi na wazi ulifanana na kazi zilizotengenezewa, ingawa Wabarabaig waliokuwa wakilisha ng'ombe wao pale walikuwa na lao la kusema, na walilisema mpaka mahakamani. Hata hivyo mashine ya mbali hudai beringi ya mbali. Beringi ikivunjika tarehe 10 Desemba, na nyingine iko ng'ambo ya bahari, msimu umekwisha. Pwani yetu ina adui mwingine pia, chumvi. Mashine iliyolazwa wazi Msimbati au Mikindani kwa miezi minane huliwa na kutu mpaka ndani ya rola. Banda na kopo la grisi viingizwe katika bei.

Hatuna sababu ya kutafuta ushauri mbali. Kituo cha utafiti cha Naliendele kiko nje kidogo ya mji wa Mtwara, na ndicho kilichotoa aina za karanga kama Pendo na Mangaka. Watu wake wanaujua udongo huu na mbegu hizi. Huko Arusha kuna CAMARTEC, ambayo kazi yake ni zana za kilimo. Kwenye maonyesho ya Nane Nane, Ngongo, Lindi, mashine husimama zimepakwa rangi, nazo hupigwa picha. Twapendekeza mwuzaji aambiwe aiteremshe mashine yake katika udongo wa mnunuzi mwenyewe, si wa maonyesho, apande ekari moja baada ya mvua ya kwanza, mbele ya wanachama, kwa mbegu iliyopimwa. Siku ya kumi wanachama warudi, wahesabu miche katika kila safu ya upana mmoja wa mashine, waandike. Fungu la mwisho la fedha lilipwe siku hiyo, wala si kabla. Na anayekodisha afungwe kwa sharti hilohilo: safu tupu zirudiwe kwa mbegu yake mwenyewe, ndani ya wiki ileile.

Vyama vinavyofanya mikutano yao mwezi huu vina nafasi ya kuliandika sharti hilo katika mikataba kabla fedha za mnada wa kwanza hazijagawanywa.